Mgeni Mwenye Daftari

Ukimwuliza mtoto wa pwani yetu akutajie kazi ambazo watu huzitegemea, atakutajia ualimu, udaktari, uvuvi, useremala na uaskari. Na akiwa ni mtoto wa Malindi, huenda akaongeza kazi ya kuwaongoza watalii. Nimeuliza swali hilo darasani kwa miaka kumi sasa, wala sijasikia bado mtoto akimtaja afisa wa ustawi wa jamii. Siwalaumu. Mimi mwenyewe, nilipotoka chuo cha ualimu na cheti changu kipya mkononi, nilidhani kuwa afisa huyo ni mtu wa kugawa unga wakati wa njaa na mablanketi wakati wa mafuriko, kisha hupigwa picha akaenda zake. Chuoni nilifunzwa saikolojia ya mtoto, nikafunzwa kuandaa somo, nikafunzwa hata namna ya kuandika ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo; lakini sikufunzwa la kufanya pindi mtoto aletapo darasani shida ambayo mzizi wake uko nyumbani. Hilo nilijifunza baadaye, tena kwa kukosea, na habari yake ndiyo nitakayo kukusimulia.

Shule niliyopangiwa iko upande wa bara, nyuma ya mji wa Malindi, mahali ambapo minazi huanza kupungua na miti ya miiba kuzidi. Wenyeji wake wengi ni Wagiriama, mmojawapo wa makabila tisa ya Wamijikenda. Hulima mahindi, kunde na mihogo, hufuga mbuzi, na masika yakichelewa vijana wao huenda mjini kutafuta vibarua. Mwaka 2016 nilikuwa na darasa la saba, na katika darasa hilo alikuwamo mvulana wa miaka kumi na mitatu ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa jina ni mali yake. Katika muhula wa kwanza hapakuwa na hesabu iliyomshinda. Muhula wa pili ulipoanza, naye alianza kusinzia. Kwanza alisinzia saa za alasiri, jambo lisilo la ajabu katika joto letu; kisha akasinzia asubuhi, kabla hata jasho la njiani halijamkauka.

Nilimwuliza sababu, akanyamaza. Nikamwuliza tena, akatazama chini. Basi nikamwita mvivu mbele ya wenziwe, nikamsimamisha ukutani ili usingizi umtoke. Akasinzia akiwa wima, magoti yakamlegea, akashtuka. Darasa zima likacheka, na naona haya kukiri kwamba mwalimu wao alicheka pamoja nao. Juma lililofuata hakuja shuleni. Wala hakuja juma la pili. Katika rejista nilikwisha kutia alama tisa za kutokuwapo, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu kuandika neno "mtoro", wakati mwalimu mmoja mkongwe, aliyekuwa akinywa chai upande wa pili wa meza, aliponiambia kwa upole, "Mwalimu, kabla hujaliandika neno hilo, mpigie simu yule dada wa ofisi ya watoto."

Nilimpigia kwa shingo upande. Akaja siku ya tatu, amepakiwa pikipiki, vumbi limempanda hadi magotini. Alikuwa rika langu, mwenye mkoba wa turubai na daftari refu la jalada gumu. Nilitazamia aniulize makosa ya mtoto, na orodha yake nilikuwa nayo. Hakuyauliza. Aliniuliza, je, alianza kusinzia lini hasa? Akija shuleni huwa amekula? Hufuatana na nani njiani? Ripoti yake ya muhula uliopita ilitiwa sahihi na nani? Katika maswali manne niliweza kujibu moja tu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto yule tangu Januari, nami sikujua analala wapi.

Kesho yake tulikwenda kwao kwa miguu. Mji wao ulikuwa na nyumba mbili za makuti na moja ya mabati, nayo ile ya mabati ilikuwa ya ami yake. Chini ya mwembe alikaa bibi kizee, mama wa marehemu baba yake, akipukuchua mahindi ndani ya ungo. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama pamba, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Nilimtarajia mwenzangu atoe daftari. Badala yake alivua viatu, akachutama, akamwamkia kwa Kigiriama na kumwita Hawe, yaani bibi. Kisha akachukua gunzi moja, akaanza kupukuchua pamoja naye. Wakazungumza habari za mvua, za mbuzi aliyezaa mapacha, na za bei ya kibaba cha mahindi dukani. Nusu saa ikapita. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikitazama saa na kufikiri juu ya darasa nililoliacha na somo la desimali. Hatimaye bibi yule akanyamaza kidogo, akasema bila kututazama, "Mumwache alale. Usiku hapati kulala."

Mvulana alikuwa amelala fofofo juu ya mkeka nyuma ya mlango wa nyumba ya bibi, na kando ya mkono wake palikuwa na panga.

Habari tuliyoipata ilikuwa hii. Mwezi wa nne mtoto mdogo wa ami alikufa kwa homa. Katika matanga likatamkwa neno, na neno likitamkwa matangani halirudi kinywani. Ikasemwa kuwa bibi ndiye aliyemla mtoto. Siku chache baadaye mawe yalianza kurushwa juu ya makuti yake usiku, na ikasikika kwamba katika kata ya jirani mzee mmoja alivamiwa akiwa amelala, akakatwa. Mvulana hakumwambia mtu. Alijitwika mwenyewe kazi ya kukaa nyuma ya mlango tangu watu walalapo hata jogoo awike. Mtoto niliyemwita mvivu alikuwa akifanya kazi ya askari wa usiku bila mshahara, kisha akitembea kilomita tano kuja kunisikiliza.

Usidhani, msomaji, kuwa hili ni jambo la nadra lililozuka katika mji mmoja. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamekimbia majumbani mwao. Huko Ganze iko Kaya Godoma, ambako wazee waliotuhumiwa hupewa hifadhi. Watu waliolima na kulea maisha yao yote, leo hawawezi kulala katika miji waliyoijenga. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na kwa heshima bila ya kudhulumiwa. Maneno hayo ni mazuri. Lakini karatasi haiwezi kukaa nyuma ya mlango usiku, na katika mji ule, kwa muda wa miezi mitatu, aliyekuwa akikilinda kifungu cha 57 alikuwa ni mtoto wa darasa la saba.

Sasa nataka nikueleze jinsi afisa yule alivyofanya kazi, kwa sababu niliiona kwa macho yangu, na kwa sababu haikufanana hata kidogo na nilivyodhani.

Mimi ningetaka askari waje siku ileile wamkamate ami. Yeye alimwarifu chifu, ili jambo lijulikane na serikali, na hilo hakulichelewesha hata saa moja. Lakini baada ya hapo alianza na swali dogo: usiku wa leo nani atalala hapa? Alipendekeza bibi aende kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo ya Mto Sabaki. Bibi akakataa kata kata. Akisema kwamba akiondoka usiku ule watu watasema amekiri. Nilimwona afisa akifikiri, kisha akakubali kuwa neno hilo lina akili. Hakumlazimisha. Alimwuliza tu ni mtu gani katika jamaa zake ambaye akikohoa watu wote watajua yuko macho. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza, akamtaja mwana wa ndugu yake, mvuvi wa Mambrui. Simu ikapigwa. Jioni mvuvi huyo akaja, mtu mpana wa mabega, akakaa majuma mawili. Na mvulana usiku ule alilala kama jiwe hadi jua lilipochomoza.

Baadaye afisa alikwenda peke yake kwa mke wa ami, yule mama aliyefiwa. Sikuruhusiwa kufuatana naye. Nilichokuja kukijua ni kwamba waliitazama pamoja kadi ya kliniki ya marehemu mtoto, na kwamba homa ilikuwa ya siku nne kabla ya kupelekwa zahanati. Ilikuwa malaria. Hapa hebu nitoke njiani kidogo. Pale mjini Kilifi, tangu mwaka 1989, wanasayansi wa taasisi ya KEMRI na wenzao kutoka ng'ambo wamekuwa wakichunguza malaria, na utafiti wao umesomwa ulimwenguni kote. Watu wa mbali hupanda ndege kuja kujifunza Kilifi. Lakini kutoka maabara ile mpaka chini ya mwembe ule pana njia ndefu ambayo haipiti ndege, nayo elimu haina miguu yake yenyewe. Afisa hakumhubiria mama yule, wala hakumlaumu kwa siku zile nne, kwani mwenye kufiwa haongezewi mzigo. Alirudi mara ya pili pamoja na mhudumu wa afya wa kijijini, mwanamke ambaye naye aliwahi kumzika mtoto wake kwa homa hiyohiyo. Wakakaa watatu. Waliyoyasema ni yao.

Kisha likajitokeza la shamba, na kwa maoni yangu hili ndilo lililokuwa moyo wa mambo. Bei ya ardhi karibu na Malindi na Watamu imepanda, na hata bara yetu imepata wanunuzi. Ami alitaka kuuza kipande. Bibi hakutaka, maana kipande hicho ndicho alichokuwa akikiweka kwa ajili ya mjukuu wake yatima. Mzee akiisha kuitwa mchawi, hana sauti tena katika shamba lake. Sisemi kuwa ami aliupanga uongo huo akiwa na akili yake timamu. Nadhani aliuamini, na watu hupenda kuamini lile ambalo faida yake wanaiona. Afisa aliomba wazee wa ukoo wakutane mbele ya chifu. Aliandika katika daftari lake kila neno lililokubaliwa, akalisoma kwa sauti mara mbili, na kila mmoja akatia sahihi au dole gumba, kwamba hapana kipande kitakachouzwa bila ya ridhaa ya bibi. Ami alitia sahihi akiwa amekunja uso. Hakuwa na furaha siku ile, na nijuavyo mimi hajawa nayo hata leo. Lakini mawe yalikoma.

Yalikoma isipokuwa mara moja. Afisa aliahidi kurudi baada ya juma moja, akachelewa majuma matatu, kwa kuwa ofisi yao ilikuwa na watu wachache na eneo la kuhudumia lilikuwa kubwa, na siku nyingine nauli ya pikipiki aliitoa katika kikoba chake mwenyewe. Katika majuma hayo matatu jiwe moja lilianguka juu ya makuti. Aliporudi, bibi alimkaripia kama amkaripiavyo binti yake, naye aliinamisha kichwa akaomba radhi bila kutaja ofisi wala nauli.

Siku tuliyokuwa tukirudi kutoka kikao cha wazee nilimwuliza swali lililonikera kwa muda mrefu. Nilimwambia, "Dada, umekaa nao siku zote hizi, wala hujawaambia hata mara moja kwamba uchawi haupo. Mbona hukusema?" Akatembea hatua kadhaa, akanijibu, "Mwalimu, sikuja kushinda mjadala. Nimekuja ili Hawe aamke kesho. Huo mjadala ni wako. Wewe unao watoto wao miaka minane." Jibu hilo sikulipenda siku ile. Nikamwuliza tena ami alimwambia nini walipokuwa peke yao. Akalifunga daftari, akalitia mkobani, akaanza kuzungumza habari za mvua.

Bado palikuwa na jambo moja. Kitambulisho cha bibi kilisema alizaliwa mwaka 1955. Afisa alimwuliza mafuriko makubwa ya Sabaki, yale ya mwaka 1961, yalimkuta wapi. Bibi akajibu mara moja kwamba yalimkuta akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa kwanza. Haiwezekani mtoto wa miaka sita awe na mtoto mgongoni! Karani fulani wa zamani alimtazama tu usoni, akakisia, akaandika. Na kwa kukisia kwake akampunguzia mwanamke yule zaidi ya miaka kumi ya maisha yake. Kulisahihisha kosa hilo kulihitaji safari tatu za mjini, barua ya chifu, na kiapo, na mtu wa maendeleo ya jamii kutoka ofisi ya jirani, ambaye afisa wetu alimshika mkono hata jambo likaisha. Kitambulisho kipya kilipatikana kwa wakati. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi, katika mpango uitwao Inua Jamii; na bibi alikuwamo.

Shilingi 2,000 si nyingi. Lakini nilishangaa kuona zilivyobadili nafasi ya mtu katika mji wake. Bibi alinunua sukari, na nyumba ya mabati ikaja kuomba sukari. Akamshonea sare binti wa ami. Mtu ambaye majirani waliogopa kula chungu chake akawa mtu wa kukopwa. Ukinitaka nikuambie ni lipi lililomwokoa, fedha au kikao au mvuvi wa Mambrui, siwezi kuligawa. Najua tu kwamba hapana hata moja katika hayo lililokuja lenyewe. Vilevile fedha zile ambazo nchi yetu ilianza kuzijaribu mwaka 2004 kwa familia zenye kulea yatima, huko Kwale, Garissa na Nairobi, zilihitaji kwanza mtu wa kutembea nyumba hata nyumba akiuliza: hapa nani analala, nani anapika, nani hakula jana?

Huenda ukaniuliza, je, mababu zetu hawakuwa na ujirani? Walikuwa nao, na hata leo tunao. Wamijikenda wana desturi ya mweria: mtu huwaita jirani zake, wakaja na majembe, wakamlimia shamba kwa siku moja ambalo peke yake angelilima mwezi, kisha wakala na kunywa kwake. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 neno la taifa likawa Harambee. Sisi si watu wasiojua kusaidiana. Lakini fikiri vizuri: mweria hulima shamba, je, shamba lenyewe likiwa ndilo lililoleta ugomvi, nani ataitwa? Kila jirani ana upande. Huyu ni shemeji, yule anadai mbuzi, wa tatu alikuwapo matangani na kulisikia neno naye akanyamaza. Hapo ndipo anapohitajika mtu ambaye hana shamba katika shauri hilo, ambaye kuja kwake ni wajibu wala si hisani, na ambaye lazima arudi hata kama hapendwi.

Haja hiyo si ya Afrika peke yake. Mwaka 1889, katika mji wa Chicago huko Marekani, wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walifungua nyumba iliyoitwa Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini, nao wakahamia humo. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo walitoa kitabu chenye ramani za mtaa wao, na katika ramani hizo kila nyumba ilitiwa rangi kuonyesha wakaaji wake walitoka nchi gani na hupata mshahara kiasi gani. Tazama, hata wao walianza kwa daftari! Walikataa kuwahurumia watu wasiowajua. Mwaka 1931 Jane Addams alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, pamoja na mwenzake mmoja, baada ya kazi ya miaka zaidi ya arobaini.

Niliahidi kukueleza habari za pwani yetu, na siwezi kuziacha bila kutaja jambo zito. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 macho ya ulimwengu yaligeukia msitu wa Shakahola, katika kaunti yetu hii, upande wa bara wa Malindi. Waumini wa kanisa moja walikuwa wamehamia humo, na kwa maelezo ya walionusurika na ya waendesha mashtaka, waliambiwa wafunge wasile hata wafe ili wakutane na Mungu wao. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Wengi wa watu hao walitoka mbali, wakaacha kazi, wakauza mali, wakawatoa watoto wao shuleni. Sitasema mengi, kwa maana wapo wanafunzi watakaosoma ukurasa huu ambao msiba ule ni wa nyumbani kwao. Nasema hili moja kama mwalimu: kila mtoto aliyetolewa shuleni alikuwa na rejista yake mahali fulani, na katika rejista hiyo mwalimu kama mimi alikuwa akitia alama za kutokuwapo. Nikifikiri juu ya alama zangu tisa, na neno nililotaka kuliandika baada yake, moyo hunienda mbio.

Maafa yale yalipofichuka, watu walioitwa ni walewale wenye madaftari. Katika hospitali ya Malindi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliweka meza ya kuandikisha majina ya waliopotea, na jamaa wakaja kutoka pande zote za nchi, wakiwa na picha na vitambulisho. Walipimwa vinasaba ili miili ipate kutambuliwa, na kazi hiyo ilikuwa ndefu. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mwezi wa Machi mwaka 2024. Katika muda huo wote ilibidi wawepo watu wa kukaa na wanaosubiri, na wa kuwalea watoto walionusurika, waliokuwa wakikiogopa chakula au wakiulizia ndugu zao. Kazi hiyo haikupigwa picha, na ni vizuri haikupigwa.

Wewe usomaye u katika umri ambao huambiwa mengi na wadogo zako na wenzako ambayo sisi walimu hatuambiwi. Basi yakupasa ujue kwamba tangu mwaka 2001 nchi yetu ina Sheria ya Watoto, ambayo ilitungwa upya mwaka 2022, na kwamba katika kaunti ndogo zetu zimewekwa ofisi za watoto ambazo mtu yeyote aweza kuingia bila malipo wala barua. Iko pia nambari ya simu 116, ya bure, ambayo mtoto aweza kuipiga mwenyewe. Mwanafunzi wangu hakuijua. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa adabu kubwa kwamba alikusudia kuniambia, ila siku aliyokusudia ndiyo siku niliyomsimamisha ukutani.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi, yakanitoka machache. Naye, maskini, aliona haya kuliko siku ya kwanza, akautazama mlango kama mtu atakaye kukimbia. Lakini alasiri ile alinyosha mkono kujibu hesabu, nami nikajua tumekwisha. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa darasa la nane, akaenda shule ya sekondari ya bweni, na huko, kama alivyoniandikia, alishangaa kuwa usiku watu wote hulala.

Mara ya mwisho nilipofika kwa bibi nilifuatana tena na afisa yule, ingawa shauri lenyewe lilikuwa limekwisha kufungwa na hakuwa na lazima ya kuja. Tulikaa chini ya mwembe. Bibi alituletea sima na mboga ya mchunga, na mtoto wa ami akaja kula nasi bila kuitwa. Tulipoinuka kuondoka, afisa alilitoa daftari lake, akamwuliza Hawe ni siku gani imfaayo arudi kumwangalia. Bibi akafikiri, akasema aje baada ya mavuno ya kunde, kwa maana siku hizi hana kitu cha maana cha kumpa mgeni. Afisa akaandika.